Barua pepe za ofisi kutoka Google Workspace kwenda Microsoft 365 kwa mkono: Outlook, Thunderbird na imapsync kwenye mizani

Kwa ofisi yenye akaunti 3 hadi 15, kazi hii hufanyika bila kununua programu yoyote ya kuhamishia. Kinachotofautisha ni chombo unachoshika. Njia inayopendwa na wengi, ya kutoa faili la PST (faili la Outlook la kuhifadhia barua) kwenye Outlook na kulipakia upande wa pili, ndiyo inayoacha makombo mengi. Thunderbird, programu ya kusomea barua pepe, inatosha kwa masanduku madogo. imapsync, programu ya kunakili barua kwa mstari wa amri, ndiye fundi hasa, lakini kumfikisha hadi mlangoni kwa Microsoft ni kazi ya nusu siku. Akaunti zikizidi 15, achana na mkono; tumia huduma ya kuhamisha iliyomo ndani ya kituo cha usimamizi cha Exchange (mfumo wa barua wa Microsoft 365), ambayo hailipiwi zaidi ya leseni ulizonunua. Nayo ina kisiki chake: inadai ufunguo (faili la JSON) wa akaunti ya huduma, yaani akaunti inayotumiwa na programu badala ya mtu, upande wa Google Cloud, na kampuni zilizofunguliwa Google Cloud kuanzia Mei 2024 hukuta sera ya kuzuia funguo hizo imeshawashwa. Msimamizi lazima ailegeze sera hiyo kwanza.

Kabla ya kugusa chombo chochote, elewa jambo moja linaloharibu kazi nyingi za aina hii: Gmail haina folda. Ina lebo. Barua moja ya mteja inaweza kuwa Inbox, ikabandikwa lebo ya "Ankara" na nyingine ya "Wateja", na bado ni barua ileile moja. Programu yoyote inayosoma kwa IMAP (njia ya programu kusoma barua zilizo kwenye seva) itaiona mara nne: Inbox, Ankara, Wateja, na ndani ya "All Mail", kabati kuu lenye kila kitu. Ukinakili folda zote bila kufikiri, sanduku la GB 6 linaweza kufika Microsoft likiwa GB 12 na zaidi, na mtu wa uhasibu ataikuta ankara moja mara nne kila akitafuta.

Wengi wakishaligundua hilo hukimbilia kuiacha All Mail. Hapo ndipo msiba wenyewe ulipo. Barua iliyobonyezwa "Archive" bila kupewa lebo haipo Inbox wala kwenye folda nyingine yoyote. Iko All Mail peke yake. Kwa mtu mwenye mazoea ya kusafisha Inbox kila jioni, hizo ni barua zake karibu zote. Ukiruka All Mail unamhamisha mtu bila historia yake, na hatajua hadi atakapotafuta mkataba wa miaka mitatu nyuma.

Dawa yake ni ya dakika chache. Ndani ya Gmail ya kila mtumiaji, zima kwanza "Conversation view" ili kila barua isimame peke yake. Kisha andika kwenye kisanduku cha kutafutia:

has:nouserlabels -in:inbox -in:sent -in:drafts -in:chats

Zitakazotokea ndizo barua yatima. Weka alama kwenye kisanduku cha juu, bonyeza maandishi ya kuchagua zote zinazolingana na utafutaji (usiishie kwenye zile za ukurasa wa kwanza), uzipe zote lebo moja, tuseme "Kabati". Kwa maelfu ya barua Gmail huchukua muda na pengine hukatika katikati. Rudia utafutaji uleule: barua ikishapata lebo hutoka kwenye matokeo, kwa hiyo matokeo yakiwa sifuri umemaliza. Baada ya hapo nenda Settings, kichupo cha Labels, uondoe tiki ya "Show in IMAP" kwenye All Mail, Important na Starred. Nyota hazipotei kwa kuificha Starred, maana husafiri kama bendera juu ya barua yenyewe.

Bado barua zenye lebo mbili zitajirudia. Ama ukubali, ama uwaombe wenye masanduku wapunguze lebo kabla. Kwa Outlook na Thunderbird hakuna njia ya tatu.

Jambo la pili ni mgao. Google huruhusu kupakua kwa IMAP MB 2,500 kwa siku kwa kila akaunti. Sanduku la GB 20 basi ni siku 8 za kupakua, hata kama ofisi ina faiba ya kasi gani. Ukivuka, IMAP hujibu kwa ujumbe wenye neno OVERQUOTA na kudai akaunti imezidi kiwango, na mlango unaweza kufungwa hadi saa 24. Fundi asiyejua hili hudhani nywila imekosewa, anaanza kuibadilisha, na mkanganyiko unaongezeka. Panga ratiba kwa kuangalia sanduku kubwa kuliko yote. Idadi ya watu haina uzito huo, kwa kuwa kila akaunti ina mgao wake na kumi zinaweza kwenda sambamba.

Kwa sanduku kubwa sana kuna njia ya kukwepa mgao huo: Google Takeout, huduma ya kupakua data yako ya Google. Mtumiaji anachagua Mail peke yake na kupata faili la mbox (faili moja lenye barua nyingi) kwa kiungo cha kupakulia, bila kupita IMAP. Lakini ukiliacha lilivyo unapata faili moja kubwa lenye kila kitu, pamoja na taka na zilizofutwa, na lebo zinabaki kuwa mstari wa X-Gmail-Labels kichwani mwa kila barua ambao Outlook haiujali. Afadhali uchague lebo moja moja ndani ya Takeout. Kila lebo hutoka na mbox yake. Kiungo huisha muda baada ya siku chache, kwa hiyo usikiombe Ijumaa ukaenda zako likizo.

Sasa vyombo. Tuanze na Outlook, ile ya zamani ya Windows inayoitwa classic. Outlook mpya haikufai kwa kazi hii. Unaongeza akaunti ya Google, dirisha la Google linafunguka kuomba idhini, Outlook inaanza kushusha barua. Kosa la kwanza hutokea hapa: mpangilio wa muda wa barua za kushusha unaweza kuwa umewekwa mwaka mmoja au pungufu. Ukitoa PST kabla ya kuusogeza hadi "All" na kungoja barua zote zishuke, utapata faili safi lisilo na barua za zamani, na Outlook haitakuambia neno. Zikishashuka: File, Open & Export, Import/Export, Export to a file, Outlook Data File. Weka PST kwenye diski ya kompyuta hiyohiyo. Ukiiweka kwenye folda ya mtandao wa ofisi au ndani ya OneDrive inaharibika kwa urahisi. Kikomo chake cha kawaida ni GB 50.

Upande wa pili unafungua akaunti ya Microsoft 365 na kuingiza PST kwa menyu ileile. Kila kitu kinaonekana kimekaa sawa kwenye kompyuta, na kesho yake simu zinaanza: "Folda zangu hazionekani kwenye simu." Sababu ni alama iliyofichika. Kila folda kwenye Exchange hubeba aina yake, na folda ya barua ya kawaida ni IPF.Note. Folda iliyozaliwa kwenye akaunti ya IMAP ni IPF.Imap, na PST huihamisha na jina hilo la ukoo. Programu za simu zinazotegemea aina hiyo huiruka. Kurekebisha kwa MFCMAPI, chombo cha kuhariri alama hizo zilizofichika, kunawezekana, folda moja baada ya nyingine, na kidole kikiteleza unaharibu jingine. Njia salama ni kuunda folda mpya moja kwa moja ndani ya sanduku la Microsoft, kuchagua barua zote za folda ya zamani, kuzihamishia kwenye mpya, na kufuta gamba lililobaki tupu. Kwa folda 8 ni sawa. Kwa meneja mwenye folda 140 zenye vijukuu, ni adhabu.

Hiyo ndiyo sababu Outlook inapata alama ndogo hapa. Ina faida moja ya kweli: PST ni nakala rudufu unayoishika mkononi, na kwa ajili hiyo pekee inafaa kutolewa hata ukihamisha kwa chombo kingine.

Thunderbird haina gharama na inaelewa OAuth2 pande zote mbili, yaani kuingia kupitia dirisha la Google au la Microsoft. Jambo hilo lina uzito kwa sababu Microsoft ilianza kuzima kuingia kwa jina na nywila tupu kwenye Exchange Online Oktoba 2022. Programu ya IMAP isiyojua OAuth2 hugonga ukuta hata ukiandika nywila sahihi mara mia. Mara ya kwanza, skrini inaweza kusema idhini ya msimamizi inahitajika. Msimamizi akiikubali Thunderbird mara moja kwa niaba ya kampuni, wengine wanapita. Hakikisha pia IMAP imewashwa kwenye kila sanduku: kituo cha usimamizi, Active users, jina la mtu, Mail, Manage email apps.

Weka akaunti zote mbili kwenye Thunderbird moja. Unda folda upande wa Microsoft kwanza, kisha chagua barua 500 hadi 1,000 kwa mkupuo, bonyeza kulia, "Copy To". Usiburute, kuburuta ni kuhamisha bila kukusudia, na intaneti ikikatika katikati unabaki kubahatisha barua ipi iko wapi. Shusha idadi ya miunganisho kwenye mipangilio ya juu ya seva kutoka 5 hadi 1 au 2. Utaona kazi inakwenda taratibu zaidi na inakatika mara chache zaidi, na biashara hiyo inalipa.

Udhaifu wake ni kwamba haina kumbukumbu. Mkupuo ukikatikia barua ya 430, haijui ilipoishia. Ukirudia zote unapata 429 mara mbili. Kwa hiyo daftari la kawaida, lenye jina la folda, idadi kushoto na idadi kulia, ni sehemu ya kazi. Linganisha namba baada ya kila folda, na ufungue barua tano za miaka ya nyuma kuona kama tarehe ya kupokelewa ni ya zamani au imegeuka kuwa ya leo. Kwa sanduku la chini ya GB 5 lenye folda chache, Thunderbird ndiyo tungeipendekeza kwa mtu asiyezoea mstari wa amri. Juu ya hapo uchovu huanza kuzaa makosa.

Kisha imapsync, ya Mfaransa Gilles Lamiral: programu ya Perl inayoendeshwa kwa amri, kwenye Linux, macOS au Windows. Inafanya kile Thunderbird isichoweza. Inatambua barua iliyokwishafika na kuiruka, kwa hiyo umeme ukikatika unaiendesha tena vilevile na inaendelea ilipoishia. Inabeba tarehe za asili na bendera za kusomwa. Na suala la lebo inalimaliza kwa machaguo mawili:

imapsync --gmail1 --user1 mauzo@mfano.co.tz --passfile1 mauzo.txt --office2 --user2 mauzo@mfano.co.tz --oauthaccesstoken2 tokeni.txt --skipcrossduplicates --folderlast "[Gmail]/All Mail" --dry

Maana yake: pitia folda zote, All Mail iwe ya mwisho, na barua iliyokwishanakiliwa kwenye folda moja isinakiliwe tena kwenye nyingine. All Mail inapofikiwa, zinazobaki ni zile yatima tu. Ukitumia njia hii usiifiche All Mail kwenye Gmail, na huna haja ya lebo ya Kabati. Gharama yake ni kwamba barua yenye lebo mbili itakaa kwenye folda moja tu, ile iliyotangulia kupitiwa. Waambie watu mapema, la sivyo watasema zimepotea.

--dry ni mazoezi bila mpira: inaonyesha itakachofanya bila kuandika chochote. Iendeshe, soma orodha ya folda, kisha uiondoe. Mwisho wa safari nzuri utasoma "The sync looks good, all ... identified messages in host1 are on host2". Usipouona mstari huo, kazi haijaisha, hata kama skrini imetulia.

Upande wa Gmail unatumia nywila ya programu, ile ya herufi 16, inayotolewa baada ya kuwasha uthibitishaji wa hatua mbili. Upande wa Microsoft ndipo kufuli lilipo. Kwa ofisi nzima, njia isiyohitaji nywila ya mtu yeyote ni hii: sajili programu kwenye Entra (mfumo wa Microsoft wa utambulisho na ruhusa), ipe ruhusa ya IMAP.AccessAsApp iliyo chini ya Office 365 Exchange Online, msimamizi aikubali, kisha kwenye PowerShell (dirisha la amri) ya Exchange uitambulishe kwa New-ServicePrincipal na kuipa kila sanduku FullAccess kwa Add-MailboxPermission. Kosa linalorudiwa zaidi ni kunakili Object ID kutoka ukurasa wa App registrations badala ya ule wa Enterprise applications. Zinafanana kwa sura, ila hazifanani kwa tarakimu, na ukiweka isiyo yake utapata "AUTHENTICATE failed" bila maelezo zaidi. Tokeni yenyewe, pasi ya muda inayotumika badala ya nywila, huishi takriban saa moja, kwa hiyo andaa hati ndogo ya kuomba mpya. Kazi ikiisha, ifute programu hiyo. Ni ufunguo wa masanduku yote ya kampuni.

Barua nzito kuliko kikomo cha upokeaji cha sanduku zitakataliwa. Kikomo cha kawaida kwenye Exchange Online ni MB 36, na msimamizi anaweza kukipandisha hadi 150. Kipandishe kabla, si baada ya kuona orodha ya zilizogoma.

Kubadilisha rekodi za MX, zile zinazosema barua za domeni zipelekwe seva ipi, ni hatua fupi lakini yenye watu wengi nyuma yake. Domeni nyingi za .co.tz na .co.ke hukaa kwenye cPanel (paneli ya kusimamia tovuti na domeni) ya muuzaji wa domeni, na TTL (muda ambao seva nyingine huikumbuka rekodi) ya kawaida huko ni sekunde 14400, yaani saa 4. Ishushe hadi 300 siku mbili kabla. Ijumaa jioni, futa MX zote za Google na uweke moja ya Microsoft, ukiinakili kutoka kituo chako cha usimamizi, kwa mfano.co.tz ingekuwa na sura ya mfano-co-tz.mail.protection.outlook.com. SPF (rekodi inayotaja seva zinazoruhusiwa kutuma barua kwa jina la domeni) ya kipindi cha mpito iwe mstari mmoja wenye wote wawili:

v=spf1 include:_spf.google.com include:spf.protection.outlook.com ~all

Kuweka rekodi mbili za SPF ni sawa na kutokuwa nayo. Seva za wapokeaji huihesabu kuwa kosa. Ongeza pia CNAME (rekodi zinazoelekeza jina moja kwa jingine) mbili za DKIM, sahihi inayothibitisha barua, yaani selector1 na selector2, na ile ya autodiscover inayoisaidia Outlook kupata mipangilio.

Kuna mtego ndani ya cPanel yenyewe. Kwenye Email Routing, domeni ikiwa "Local Mail Exchanger", fomu ya mawasiliano ya tovuti hupeleka barua kwenye sanduku la ndani ya seva ileile bila kuangalia MX. Maombi ya wateja yanaingia shimoni na hakuna ujumbe wa kosa. Iweke "Remote Mail Exchanger".

Mtego mwingine ni kuhama nusunusu. Google ikishaijua domeni kuwa ya kwake, mtu aliyebaki kwenye Gmail akimwandikia mwenzake aliyehamia Microsoft, barua haitoki nje. Inaishia kwenye sanduku la zamani la huyo mwenzake, MX iseme itakavyo. Microsoft hufanya vivyo hivyo kwa upande wake. Ofisi ndogo ihame wote usiku mmoja, na mtu asiguse Gmail tena. Jumatatu asubuhi endesha imapsync mara ya mwisho kuokota zilizochelewa. Kwa Thunderbird, tafuta kwenye Gmail kwa after: ikifuatwa na tarehe ya mkupuo wa kwanza.

Namba za simu na kalenda hazipiti IMAP. Anwani zitoe Google Contacts kwa muundo wa Outlook CSV na uziingize bila kulifungua faili kwenye Excel: Excel huigeuza 0712 kuwa 712 na huila alama ya kujumlisha mbele ya 255. Kalenda hutoka kama zip ya faili za ics. Mikutano ya kujirudia hubeba viungo vya Meet ndani yake, kwa hiyo mwenye mkutano auunde upya. Vichujio, saini na makundi ya barua huandikwa upya kwa mkono. Printa inayotuma skani ilikuwa ikielekea smtp.gmail.com, ielekeze smtp.office365.com, poti 587, na uwashe SMTP AUTH (ruhusa ya kifaa kuingia na kutuma barua) kwa sanduku hilo, maana kwa kampuni mpya huwa imezimwa.

Leseni za Google zisifutwe wiki hiyohiyo. Lipia mwezi mmoja zaidi. Mtumiaji akishafutwa, Google huruhusu kumrudisha ndani ya siku 20 tu, na mafaili ya Drive aliyokuwa akiyamiliki huondoka naye usipoyakabidhi kwa mwingine wakati wa kumfuta. Dirisha la kukabidhi hujitokeza hapohapo kwenye hatua ya kufuta, likiwa na tiki na nafasi ya jina la mrithi. Ndilo ambalo vidole vyenye haraka hulipita.